Saa 20 Zilienda Wapi?

Pale Malaba kila mtu anajua kwa nini lori limechelewa. Muulize mama wa chai, atakwambia ni mtandao, umelala tangu asubuhi. Muulize boda, atakwambia ni Waganda. Ukivuka upande wa pili wanakwambia ni Wakenya. Wakala wa forodha atasema ni stakabadhi, mwenye lori atasema ni dereva, na dereva, ukimpata hajalala siku mbili, atakuangalia tu. Majibu ni mengi na yote yanatolewa kwa uhakika. Aliyepima ndiye hayupo.

Mimi naishi Busia na naandika ili nile. Maandishi yakikosa mnunuzi, nachukua matatu ya Malaba kupitia Adungosi, kwa sababu kuna ofisi moja ndogo ya uwakala wa forodha ambayo hunilipa kwa kazi zisizo na jina: kupiga chapa barua, kufufua printa, kunyoosha majedwali ya Excel. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu karo iliposhinda watu nyumbani. Kitambulisho walikichukua, lakini Python niliyofundishwa mwaka wa kwanza walisahau kuidai.

Mwenye ofisi tunamwita Anti. Ana meza mbili, laptopu ya mtumba, na programu moja iliyoandikwa na kijana ambaye siku hizi nambari yake haishiki. Kila jioni programu hiyo husoma mistari 6,000 hivi ya ada za robo mwaka, hubadilisha shilingi za Uganda kuwa za Kenya, kisha huuliza seva ya kampuni ya kufuatilia magari kila lori lililo safarini liko wapi. Mwishowe hutoa ripoti ya wenye malori. Ilikuwa inachukua dakika 41. Anti alikuwa akiiwasha, anafunga dirisha, anaenda kununua mboga, anarudi, bado.

Hapo pia kila mtu alikuwa na jibu lake. Msichana wa mapokezi alisema ni virusi. Jirani wa M-Pesa alisema laptopu imezeeka. Anti mwenyewe alilaumu intaneti, na alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya laptopu mpya pale Busia.

“Anti, usinunue kwanza,” nikamwambia. “Wacha niipime.”

“Utaipimaje, kijana wangu? Na mizani?”

Karibu hivyo. Watu wa kompyuta huita kazi hiyo profailingi: unaiacha programu ifanye kazi yake ya kawaida, huku programu nyingine ikiandika kila kipande kimeitwa mara ngapi na kimekaa na muda kiasi gani. Ni kazi ya karani wa geti. Hakamati mtu, hamlaumu mtu, anaandika aliyeingia na aliyetoka na saa ngapi.

Sababu ya kupima badala ya kukisia si mpya. Mwaka 1971 Donald Knuth, mwalimu wa Stanford, alichapisha uchunguzi wa programu za watu wa kawaida zilizoandikwa kwa lugha ya FORTRAN. Akakuta kwamba chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo kwa kawaida inayokula zaidi ya nusu ya muda wote. Tafakari hapo. Ukichagua kwa bahati pa kurekebisha, karibu hakika utarekebisha mahali pasipo na shida. Utatoka jasho, utabadilisha mistari mia, na dakika 41 zitabaki dakika 40.

Python ina karani wake wa geti, anaitwa cProfile. Nilimweka kazini jioni moja. Siku hiyo ripoti ilichukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu karani anayeandika kila jina naye anachelewesha foleni. Ilipoisha akanikabidhi daftari lake: jedwali la mistari karibu 1,900. Kila mstari ni fankisheni moja, yaani kipande kimoja cha programu, na mbele yake nambari zake.

Watu wengi hukomea hapo. Wanalipanga jedwali kwa muda, wanaangalia mistari kumi ya juu, wanakata shauri. Mimi pia nililipanga. Juu kabisa palikuwa na majina ambayo hakuna mtu wa Malaba aliyeyaandika, vipande vya ndani vya maktaba inayosoma faili za Excel. Vibarua. Vilikuwa vimeitwa mara mamilioni na kila kimoja kilikuwa kimefanya kazi yake ndogo sawasawa. Kuvilaumu ni kumlaumu mbeba mizigo kwa sababu ndiye unayemwona akitoka jasho. Wazee walishasema mjumbe hauawi. Swali ni nani alimtuma, na alimtuma mara ngapi.

Swali hilo nalo lina historia. Mwaka 1982 watu watatu wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Susan Graham, Peter Kessler na Marshall McKusick, walieleza kifaa chao kinachoitwa gprof. Vifaa vya kabla yake vilijua zaidi kusema muda umetumika kwa nani. Gprof ilichukua muda wa mtumwa ikaupandisha kwa aliyemtuma, na kwa aliyemtuma huyo, hadi juu. Ndiyo maana daftari la cProfile lina safu mbili za muda. Ya kwanza ni muda wa kipande chenyewe. Ya pili ni muda wake pamoja na wa wote aliowatuma. Bosi anayekaa kivulini huonekana hana kosa kwenye safu ya kwanza. Kwenye safu ya pili anaonekana mzima mzima.

Nikaandika skripti ya mistari 40 hivi. Kazi yake ilikuwa rahisi: soma daftari, chukua muda wa kila kibarua wa maktaba, upandishe ngazi kwa ngazi hadi ufike kwenye fankisheni ya kwanza iliyoandikwa na yule kijana asiyeshika simu, kisha uandike hapo. Mistari 1,900 ikawa 14. Na kati ya hiyo 14, mmoja ulikuwa mnene kuliko mingine yote pamoja.

Ulikuwa wa kubadilisha pesa. Kwa kila mstari wa ada, programu ilikuwa inafungua upya faili ya Excel yenye viwango vya kubadilisha shilingi, inaisoma yote, inachukua nambari moja, inaifunga. Mstari unaofuata, inafungua tena. Mara 6,000 kila jioni. Ni kama uende kwa wale wa kubadilisha pesa mpakani uulize kiwango, urudi ofisini, uhesabu risiti moja, kisha uende tena. Kila safari ilichukua sekunde 0.3 tu, kitu ambacho jicho halioni. Zidisha: sekunde 1,800. Nusu saa nzima ya maisha ya Anti, kila siku ya kazi, kwa sababu ya mstari mmoja uliokaa ndani ya kitanzi badala ya kukaa juu yake.

Niliusogeza. Herufi zilizobadilika hazikufika mia moja. Ripoti ikatoka kwa dakika 11.

Anti alifurahi, akaagiza chai na mandazi. Lakini dakika 11 bado zilikuwa zinanikereketa, kwa sababu laptopu yenyewe ilikuwa imetulia. Feni haikulia. Ukiangalia prosesa, ilikuwa haina kazi muda mwingi. Programu ilikuwa inachelewa bila kufanya chochote.

Hapa ndipo niliposhikwa na jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo. Kompyuta ina saa zaidi ya moja. Kuna saa ya ukutani, ile inayokuhusu wewe uliyekaa ukisubiri. Na kuna saa ya prosesa, ambayo huhesabu tu wakati prosesa inafanyia kazi programu yako; programu ikisimama kumsubiri mtu, saa hiyo nayo husimama. Kwa saa ya pili, ripoti ya Anti ilikuwa ya dakika 2. Kwa ya kwanza, 11. Zote mbili ni za kweli. Ukimwambia Anti kwamba programu yake ni ya dakika 2, hujasema uongo, lakini mboga zake zimenyauka.

Na cProfile hukubali umwambie atumie saa ipi. Kwa hiyo nilipima mara mbili, mara moja kwa kila saa, nikaandika skripti ya pili inayokaa katikati ya madaftari mawili na kutoa moja kwa jingine, mstari kwa mstari. Kinachobaki ni kusubiri kutupu. Dakika 9, zote mahali pamoja: programu ilikuwa inauliza seva ya wafuatiliaji habari za malori 60, moja baada ya jingine, na kila jibu lilichukua sekunde 9 hivi kurudi. Haikuwa kazi, ilikuwa foleni ya maswali. Nikaifanya iulize malori kumi kwa mpigo. Dakika 11 zikawa 3. Laptopu ya mtumba ikabaki pale pale mezani.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya fundi. Lakini wiki hiyo hiyo alikuja ofisini dereva mmoja. Simtaji jina, ofisini tunamwita Mzee tu kwa sababu ameendesha trela tangu sisi wengine hatujaanza shule. Alikuwa na karatasi mkononi, ripoti ya Anti ile ile niliyokuwa naihangaikia, na mwenye lori alikuwa ameipigia mstari mwekundu.

Kwenye ripoti, lori lake lilionekana limesimama upande wa Malaba kwa saa 23. Mstari uliofuata ulisema kwamba tangu lilipoingia kwenye yadi hadi kuruhusiwa kuvuka lilitumia saa 2 na dakika 40. Mwenye lori akapiga hesabu yake. Mpaka umechukua chini ya saa 3. Zile 20 zilienda wapi? Na jibu alikuwa nalo tayari, la kuhusu dereva, gesti na mwanamke. Mileji ya safari nzima ikazuiliwa.

“Mwanangu,” Mzee akaniambia, “mimi sikatai kwamba lori lilikuwa hapa saa 23. Nilikuwa ndani yake.”

Nikamwona yule mtu mwenye saa mbili. Ripoti ilikuwa na saa ya prosesa: muda ambao mfumo ulikuwa unamshughulikia. Mzee alikuwa ameishi kwa saa ya ukutani.

Tuwe na haki. Mpaka huu umebadilika. Zamani lori lilikuwa linasimama upande huu litoke, kisha linasimama upande ule liingie, foleni mbili kwa safari moja. Chini ya mpango wa kituo kimoja, ukielekea Uganda unashughulikiwa upande wa Uganda tu, na maafisa wa nchi zote mbili wako pale chini ya paa moja. Cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Kupima nako kunafanyika. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unahimiza nchi zipime na kuchapisha muda wa wastani wa kuachilia bidhaa. Sekretarieti ya Ukanda wa Kaskazini iliyoko Mombasa nayo ina kitengo kinachofuatilia safari za mizigo kutoka bandarini hadi bara.

Lakini kila kipimo lazima kichague mahali saa inapoanzia. Ukianzia pale stakabadhi zinapoingizwa, unapata jibu moja. Ukianzia getini, jingine. Ukianzia mkiani mwa foleni, mahali ambapo hakuna ofisi wala karani wala kibao, unapata jibu la tatu, na hilo ndilo ambalo dereva huishi ndani yake. Mwaka 2020, madereva walipoanza kupimwa korona kabla ya kuvuka, mkia wa foleni ya Malaba ulirudi kilomita nyingi kuelekea Bungoma, watu wakalala siku kadhaa kwenye kebini. Siku kama hizo hata mpita njia anaona kwamba muda uko nje ya geti. Siku za kawaida hauonekani hivyo. Mtu mmoja anakatwa mileji, basi.

Busia nako, kule kwetu, kuna wengine ambao hawaingii kwenye kipimo chochote. Mama mwenye beseni la samaki, au wale jamaa wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Baadhi ya programu za kupima hazifuati kila tukio. Zinachungulia tu kila baada ya muda fulani na kuandika zilichokikuta. Jambo dogo la haraka linaweza kupita katikati ya machungulio mawili, na likirudiwa mara chache halitaonekana kamwe. Neno boda boda lenyewe wengi husema lilizaliwa huku, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda. Nani alihesabu zile baiskeli?

Turudi kwa Mzee. Nilikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni rekodi ghafi za kifaa cha kufuatilia kilichofungwa kwenye lori, ambacho huchungulia kila dakika 10 na kuandika lori liko wapi. Saa 23 ni machungulio 138. Ripoti ilikuwa imeyakunja yote kuwa neno moja, “limesimama”, kwa sababu mwendo ulikuwa chini ya kiwango fulani. Cha pili ni meseji za Mzee kwa ofisi kwenye WhatsApp. Alikubali tuzitoe kama faili ya maandishi.

Skripti ya kwanza ilichukua kila chungulio na kupima umbali kutoka kwa lililotangulia. Hapa kuna mtego: kifaa cha kufuatilia hakitulii hata gari likiwa limezimwa, kinayumba mita chache huku na huku, na usipoangalia utasema lori lililolala lilikuwa linacheza. Nikaiambia skripti ipuuze chochote chini ya mita 50. Kilichobaki kilikuwa wazi. Kuanzia karibu na Amagoro, usiku kucha, lori lilikuwa linajongea. Mita 90. Kimya dakika 20. Mita 140. Kimya dakika 40. Mita 70. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi lilisonga mara 31.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Malaba anajua maana yake. Huwezi kulala. Aliye mbele akisonga nawe usisonge, nafasi inamezwa, na aliyeimeza hana habari nawe. Mara 31 ni mara 31 za kuamshwa.

Skripti ya pili, ya meseji, ilinichosha zaidi. Kuna saa tatu pale ndani. Mzee akiandika “tumesonga saa nane” anamaanisha saa nane yetu, ambayo kwenye kompyuta ni 2:00 au 14:00. Msichana wa mapokezi akimjibu “sawa, nione 10:30” anamaanisha saa ya simu. Na kuna siku Mzee mwenyewe aliandika “8:15” akimaanisha saa nane na robo. Ikabidi skripti isome kila saa iliyotajwa, iongeze sita au isiongeze, kisha iangalie ni jibu lipi liko karibu na muda ambao simu yenyewe iliandika pembeni ya meseji. Sijawahi kuona kitabu cha programu kinachofundisha hilo. Kimeandikwa na watu ambao siku yao huanza usiku wa manane, wakati yetu huanza jua likichomoza.

Nilipounganisha orodha mbili, zikakaa pamoja kama meno ya zipu. “Tumesonga kidogo” na mita 140. “Bado” na kimya cha dakika 40. “Nipo geti sasa” na mita za mwisho kabla ya yadi. Nikachora ukurasa mmoja: saa 20 na dakika 20 za foleni, saa 2 na dakika 40 ndani ya yadi. Hakuna gesti mahali popote kwenye ramani.

Anti akamtumia mwenye lori. Jibu lilirudi haraka.

“Na kama ni taniboi ndiye alikuwa akisongeza?”

Lilikuwa swali zuri, lazima nikubali. Kifaa kinajua lori liko wapi, hakijui nani ameshika usukani. Meseji zinajua simu ya nani, si kidole cha nani. Nambari zangu zote zilifika ukingoni pale. Anti alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu akapiga, na sauti yake ilikuwa na adabu zote za mtu anayekaribia kukasirika.

“Bosi, kijana amekuonyesha saa 20 ziko wapi. Sasa wewe nionyeshe huyo mwanamke yuko wapi.”

Mileji ililipwa Ijumaa, bila neno la pole.

Jumatatu yule bosi akapiga tena. Alikuwa ameipenda ile karatasi. Aliitaka kila wiki, kwa malori yake yote, ikiwa na majina ya madereva, na ipangwe kutoka aliyechelewa zaidi hadi aliyechelewa kidogo. Alikuwa tayari kulipa, na pesa aliyotaja ilikuwa nyingi kuliko ninazopata kwa insha tatu kama hii.

Nililala nayo siku mbili. Skripti haijui inamfanyia nani kazi. Ile ile iliyomtoa Mzee kwenye lawama, ukiipanga kwa majina, inakuwa orodha ya lawama mpya. Aliye juu kabisa ataitwa ofisini kila Jumatatu, na wiki nyingi atakuwa ni yule tu aliyefika Malaba siku mbaya. Tutakuwa tumerudi pale pale pa kulaumu aliye juu ya jedwali bila kuuliza nani alimtuma.

Kilichonisaidia ni kazi ya mtu anayeitwa Brendan Gregg. Mwaka 2011 alikuwa anatafuta kwa nini programu ya hifadhidata inakula prosesa, na machungulio aliyokusanya yalikuwa mengi kiasi kwamba kuyasoma haiwezekani. Akaandika skripti za lugha ya Perl: moja inakunja machungulio yanayofanana kuwa mstari mmoja wenye hesabu, nyingine inachora mistari hiyo kama ndimi za moto zilizopandiana. Kadiri ulimi ulivyo mpana, ndivyo muda ulivyo mwingi. Watu hudhani ukisoma mchoro ule kutoka kushoto kwenda kulia unasoma mwendo wa saa. Hapana. Vipande vimepangwa kwa alfabeti, ili vinavyofanana viungane. Nani alitangulia na nani alifuata hakuna, imekusudiwa isiwepo. Unachoona ni mahali muda ulipolundikana.

Kwa hiyo unapokunja, unaamua nini kitaungana na nini kitabaki peke yake. Kwenye daftari la Anti nilikunja vibarua kumfikia bosi wao. Kwenye malori naweza kukunja kwa jina la dereva, au naweza kukunja kwa mahali: mkia wa foleni, geti, yadi, kusubiri stakabadhi kutoka kwa wakala, kusubiri mwenye lori atume pesa. Hiyo ya mwisho ipo, na kwenye meseji huonekana wazi kabisa: “Bosi bado hajatuma.”

Nikamwandalia ya mahali. Malori yote pamoja, bila jina hata moja, na kila dereva akitaka ya kwake anaipata kwenye simu yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Anti akaiongeza kwenye masharti ya kazi, akasema ndivyo ofisi yake inavyofanya. Bosi alilalamika kwamba amelipia taarifa nusu. Halafu akanyamaza, nadhani baada ya kuona upana wa ule ulimi wa kusubiri pesa. Bado ni mteja. Bado anauliza majina mara moja moja, na Anti bado anamwambia mtandao unasumbua.

Kitu ambacho sikukitarajia ni meseji. Zamani madereva walikuwa wanaandika “nimefika” na “nimevuka”, basi. Habari ya mileji ya Mzee ilizunguka kwenye vibanda vya chai, na sasa wanaandika kama makarani. Juzi nilifungua faili ya wiki nikakuta meseji za dereva ambaye hata sijawahi kuonana naye, zimepangana usiku mzima:

“Kimaeti saa tatu na nusu, foleni imeanza.”

“Saa sita, mita kama 100.”

“Saa nane, taniboi amelala, niko macho.”

“Saa tisa na robo, bado. Andika.”